Darasa Zima Likamgeukia Masanja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mwalimu mgeni kabisa kule Kasulo, niliingia kidato cha tatu kufundisha habari za watu wenye itikadi kali, hawa wanaowateka vijana akili. Nikajaza ubao: mtu wa namna hiyo hujitenga, huacha kucheka, huwaona wenzake najisi. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa linamtazama Masanja.

Masanja alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Tangu likizo alikuwa akisikiliza kaseti za mhubiri mmoja, na sasa hakutaka hata kula sahani moja na Bigirimana wa darasa lao, ambaye zamani alikuwa naye chanda na pete. Mhubiri wa dini gani? Sikuambii. Ukijua utapata wa kumchukia, na hilo ndilo ninalokukataza.

Basi nami, jamani ujana! Nikajiona hodari. Nikasema, "Unaona, Masanja? Hata wenzako wanakujua." Mtoto akakusanya madaftari yake, akatoka. Kesho yake hakuja.

Mwalimu Koku, mama wa Kihaya aliyenitangulia kazini miaka mingi, akaniita ofisini. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Watu wa kaseti wamemwambia kwamba dunia nzima inamchukia," alisema. "Akaja darasani, wewe ukawatolea ushahidi. Sasa amebaki nani wa kumrudisha?"

Nililia, mwanangu, wala sikujificha.

Bigirimana ndiye aliyejua Masanja alipo: stendi ya Biharamulo, anangoja basi la kumpeleka kwa watu wa yule mhubiri, waliomwita akapigane. Tukaenda wote wawili. Tukamkuta na begi miguuni, macho mekundu. Hotuba niliyoitunga njiani ikanipotea yote. Nikasema tu, "Masanja, nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe." Akatazama pembeni.

Bigirimana yeye hakuwa na subira. "We Masanja! Unakwenda kupigana na watu, na jogoo wa bibi yako anakukimbiza mpaka leo?"

Masanja alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Basi likapiga honi, likaondoka bila yeye.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Wafundishe wanafunzi wako habari hizi! Ukinyamaza kwa woga, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto anayekuuliza swali la kutisha, mshukuru kwamba amekuuliza wewe, si watu wa kaseti. Wala usimnyooshee mtoto kidole mbele ya wenzake, maana siku hizi wale wa kaseti wamo ndani ya simu yake, wanangoja umfukuze wao wampokee. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, ila ukimkunja kwa hasira utamvunja.

Mungu akupe ulimi mpole, na jicho la kumwona aliyekaa peke yake. Nenda kafundishe, mwanangu, na darasa lako lisipungue hata mtoto mmoja.