Masikio ya Mbuzi wa Ruiru

Kila asubuhi natoka Kiandutu, mtaa wetu wa mabanda pale Thika, kwenda machinjioni Ruiru kuchukua vichwa vya mbuzi. Supu yangu ndiyo inayowaamsha vibarua wa mjengo, na nikichelewa wenye hoteli wananimalizia vichwa. Aliyekuwa akinichagulia vichwa ni kijana mchuna ngozi, mtu wa kaskazini. Nilimpenda kwa sababu alinivumilia na kuniita mathe, kama mama yake. Mdomo wangu hauna breki.

Nilikuwa nikimtania kwamba kwao kila mtu ana bunduki isipokuwa yeye. Hakukasirika. Aliniambia bunduki huko huvushwa kutoka nchi jirani zenye vita, zikabadilishwa kwa ng'ombe, na jirani akipata moja wewe unatafuta mbili. Majirani wote walikuwa nazo. Baba yake pekee ndiye aliyekataa, akisema hatamtoa ng'ombe anayekamuliwa apewe chuma.

Asubuhi moja lori lilishusha mbuzi, naye akamshika mmoja sikio. Akamshika wa pili, na wa tatu. Kwao kila boma hukata masikio ya mifugo yake kwa namna yake, na mkato huu ulikuwa wa baba yake. Nikamwambia labda mzee ameuza.

"Mzee hauzangi majike, mathe," akasema. "Na hawa wote ni majike."

Alipiga simu nyumbani hadi ikashikwa na dada yake. Lugha yao siijui, lakini nilimsikia huyo dada akilia. Alipokata simu akanieleza kwamba wezi wa mifugo walikuwa wamevamia boma na bunduki, na mzee akasimama langoni na fimbo yake. Walimpiga risasi hapo hapo.

Niliwaka. Nikamfuata broka aliyeleta mbuzi, nikamwambia anauza damu ya mtu. Akanijibu kwamba mbuzi hana kitambulisho, na yeye ameuziwa sokoni kama wengine. Mbuzi wakachinjwa wote asubuhi ile ile. Nyama ikaliwa Ruiru na Thika, na mimi najua pesa za mbuzi wa namna hiyo hurudi huko kununua risasi. Hata sasa nikikumbuka, roho inaniuma.

Kijana aliosha visu vyake akanikabidhi.

"Unaenda kuzika?" nikamuuliza.

"Walishamzika."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kutafuta ile kitu alikataa kununua. Dawa ya moto ni moto."

"Ngai, Mungu wangu! Kaa hapa, mtoto wangu. Wewe si mtu wa hayo."

"Hata mzee hakuwa mtu wa hayo, mathe."

Nilimshika mkono, akaniachia koti lake la kazi, akaenda. Simu yake haipatikani tangu siku hiyo, na visu vyake bado ninavyo jikoni.

Siku hizi lori likifika naangalia masikio kabla ya vichwa. Mikato ni mingi, na kila mkato ni boma la mtu. Sijui ni lipi alilolivamia yeye.