Sanduku la Samawati

Fundi Mbaruku Dadi alikuwa na kanuni moja: hakuna ubao ulioingia kwenye pembea yake bila kina mama kuambiwa umetoka wapi. Asubuhi ya sikukuu, kabla mtoto yeyote hajapanda, alipita kwenye masanduku yote manne akigonga sakafu kwa nyundo. Huu mvule wa Mkange. Huu mninga, nimeununua Lugoba. Huu mkongwe lakini mzima. Kina mama walimcheka, wakamuuliza kama anapembeza watoto au ananadi mbao. Lakini walimkabidhi watoto wao.

Pembea yenyewe ilikuwa gurudumu la mbao lililopita mapaa ya makuti kwa urefu, lenye masanduku manne ya kukalia, likizungushwa kwa mikono. Kwa miaka kumi na saba Bagamoyo haikuona Idi bila gurudumu hilo. Uwanjani palikuwa pia na farasi wa mbao na bembea za kamba, lakini huko walikwenda waliochoka kungoja zamu kwa Mbaruku.

Mjukuu wake Mwanabaraka, mtoto wa miaka minane, hakupanda ila sanduku la samawati. Mama yake, Kibibi, binti pekee wa Mbaruku, alifariki mwaka 1966. Tangu hapo babu na mjukuu waliishi wawili tu.

Wiki moja kabla ya Idi ya Desemba 1968, Mbaruku aligundua kuwa mchwa wamekula sakafu ya sanduku la samawati. Lori la mbao alilolingoja lilikuwa limekwama kwenye matope njia ya Lugoba. Nyuma ya karakana yake palikuwa na jeneza la zamani la msikiti. Yeye ndiye aliyechonga jipya, na wazee walimwachia lile la zamani alitunze mpaka waamue la kulifanya. Lilikuwa mali ya wakfu. Kwa miaka ishirini wafu wa mtaa ule walibebwa humo, na Kibibi pia. Mbaruku aliyajua yote hayo aliposhika msumeno.

Angeweza kutangaza kuwa pembea haitazunguka sikukuu hiyo. Watoto wangelia siku moja, basi.

Asubuhi ya Idi aligonga sakafu tatu, akalipita sanduku la samawati kimya.

"Fundi, na huo?" akauliza Chausiku, jirani yake.

"Huo mzima."

Hakusema uongo, ubao ulikuwa mzima. Mtu mwema huanza kuharibika hivyo hivyo, kwa jibu la kweli lililochaguliwa ili kuficha.

Pembea ikazunguka. "Babu, tufikishe Unguja!" Mwanabaraka akapiga kelele kutoka juu.

"Nikikufikisha, nani atakurudisha? Kaa kitako!"

Mchana alikuja Kombo, mwosha maiti, amemshika mjukuu wake mkono. Akasimama chini ya gurudumu akitazama juu kama kila mtu. Sanduku la samawati lilipofika kileleni, akaona kwa chini matundu mawili ya kamba za jeneza, yamezibwa kwa vigingi.

"Simamisha," akasema. "Mbaruku, ubao ule nimeuosha kwa mikono yangu miaka ishirini. Umewapandisha watoto juu yake?"

Mbaruku akalisimamisha gurudumu. Kina mama hawakungoja ajibu. Wakawatoa watoto wao, wengine wakiwapangusa nguo kwa viganja kana kwamba wana majivu. Mwanabaraka akashushwa wa mwisho.

"Babu, wanakimbia nini?"

Jibu alilipata kwa wenzake wa chuo cha Kurani. Mbaruku alitarajia kilio. Mtoto akamwuliza, "Mama alilala humo?"

"Alilala."

"Kichwa upande gani?"

Gurudumu lilibaki uwanjani, kwa sababu hapakuwa na aliyekubali kusaidia kulishusha. Kila alasiri, akitoka chuoni, Mwanabaraka alikwenda kukaa kwenye sanduku lake. "Nizungushe, Babu. Mama hapendi kukaa chini." Mbaruku alisukuma peke yake. Alishindwa kumnyima. Waliopita walimsikia mtoto akizungumza huko juu, akinyamaza kama anayesikiliza, kisha akicheka. Mimi pia nilipita siku moja nikasikia. Sikusimama.

Mbaruku alimwambia Kombo kuwa sanduku lile lilikuwa zito mikononi, zito kupita mtoto mmoja. Sisemi ilikuwa kweli. Nasema tu kwamba mikono ile ilikuwa imepima uzito wa watoto kwa miaka kumi na saba.

Idi Kubwa ilipokaribia, aliung'oa ubao akawapelekea wazee wa msikiti. Akakiri, akaomba radhi. Wakaufukia makaburini. Kisha akalikatakata gurudumu zima kwa msumeno, siku mbili, bila msaidizi.

Mwanabaraka alitoka chuoni akakuta uwanja mtupu.

"Umemzika tena," akamwambia babu yake.

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho ya mtoto kwake. Alikula alichopewa, alifanya alichotumwa, lakini hakumsemesha. Mwezi wa pili wa ukimya huo, shangazi yake akaja kumchukua kwenda Pangani, na Mbaruku hakuwa na hoja ya kumzuia.

Mtoto alikulia huko, akaolewa huko. Barua tatu za babu yake hazikujibiwa. Mbaruku alifariki mwaka 1977, miaka minane bila kuisikia sauti ya mjukuu wake.