Breki Inayolia

Vuta kiti usogee, mwanangu, unisikilize, na kama umekuja na ile hasira ya kusema wakaguzi ni watu wabaya, iache hapo mlangoni pamoja na viatu vyako. Hasira hiyo nimekwisha kuisikia jana kwa mjukuu wangu Wani. Alirudi kutoka kwenye ukaguzi wa mwaka akiisukuma skuta yake, haina stika, na kabla hajanywa maji alikuwa amenieleza kwamba mkaguzi hampendi, kwamba waliotangulia kwenye foleni walipendelewa, na kwamba skuta kuukuu haiwezi kupita hata ukiipeleka kanisani Kator ikaombewe. Nikamuuliza mkaguzi mwenyewe alisema nini.

"Ah, haboba," akanijibu, maana ndivyo wajukuu wa mji huu wanavyotuita sisi mabibi, "alisema breki tu."

Breki tu. Nikainama kwenye gurudumu la nyuma, nikanusa, nikakutana na harufu ya jikoni kwangu. Hapo nikajua kwamba nina kazi ya kueleza upya jambo nililodhani nililimaliza ujanani. Sigombi, naeleza. Lakini sauti ikipanda unisamehe, kwa sababu mtu anapouona ujinga wake wa zamani umekaa usoni mwa mjukuu wake, umenona na una afya njema, hawezi kunong'ona.

Ipo asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Kenya nilikokulia, ninakaa mtaa wa Kator mji huu huu kwa shangazi yangu Poni. Huko Kenya sikurudi na mali. Nilirudi na Kiswahili hiki, nacho kikanipatia kazi kwa Mzee Farah, Msomali wa Garissa aliyekuwa na duka la jumla pale Hai Cinema. Mizigo yake midogo ilikuja kwa ndege kutoka Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi uwanja wa ndege, kupokea vifurushi na kuvifikisha dukani kabla wateja hawajachoka kusubiri. Niliifanya kwa skuta niliyoinunua kwa mfanyabiashara wa Uganda aliyekuwa anarudi kwao. Nilichagua skuta kwa sababu nilivaa sketi, na pikipiki ya kawaida haina adabu kwa mwanamke mwenye sketi.

Lango la mizigo la uwanja ule lilikuwa na sharti moja. Chombo kisicho na stika ya ukaguzi wa mwaka hakiingii. Unaweza kuwa umevaa nguo za Jumapili, unaweza kumjua mlinzi tangu utotoni, utabaki nje na vumbi lako.

Sasa sikia ajabu ya skuta ile. Mwaka mzima ilisimama vizuri. Nikibana breki sokoni, inasimama. Mbuzi akikatiza barabara, inasimama. Ikifika siku ya ukaguzi, haisimami. Mkaguzi, mzee mmoja mwembamba wa miwani myeusi, alikuwa amepanga mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Unakuja mbio kidogo, unabana breki, gurudumu lisivuke mawe. Langu lilivuka. Mzee yule hakunitukana wala hakuniomba kitu. Alisema neno moja, "Breki," kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mwaka wa kwanza nilipofeli, Mzee Farah alinivumilia. Nilisimama nje ya lango wiki baada ya wiki, nikiwabembeleza wenye stika wanipitishie vifurushi, mpaka nikaruhusiwa kuileta skuta tena. Safari hiyo niliitwa ghafla, sikuiandaa, nayo ikapita bila taabu. Mwaka uliofuata ikafeli tena, vilevile, pale pale kwenye mawe. Basi mtaa mzima ukawa na elimu kuhusu skuta yangu. Muuza mkaa alisema imerogwa na mwenye nayo wa zamani. Jirani mmoja alisema mkaguzi anataka mke. Mwingine alisema vyombo vya Uganda vimezoea milima, huku kwenye tambarare vinachanganyikiwa. Mimi nilichukua kidogo kwa kila mmoja, nikaongeza na yangu, nikaamini kwamba dunia yote imepanga njama dhidi yangu. Mtu mmoja tu, mwanangu, alikuwa amenitajia ugonjwa kwa jina lake, na huyo ndiye peke yake sikumsikiliza.

Mwaka wa tatu Mzee Farah alinikalisha dukani juu ya gunia la sukari. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba wateja wake hawali visingizio, na kwamba yuko kijana mwingine mwenye chombo chenye stika ambaye amekuja kuomba kazi mara mbili. "Keji, mwanangu," akasema, "kesho ni ukaguzi. Ukirudi na stika, kazi ni yako. Ukirudi bila stika, tutaagana vizuri, nitakupa na sukari ya nyumbani." Sukari hiyo ilinichoma kuliko matusi. Mshahara ule ndio uliokuwa unamlisha shangazi na watoto wawili wa marehemu kaka yangu, na hapakuwa na mshahara mwingine nyuma yake.

Kesho yake niliamka mapema kuiandaa skuta, kama nilivyoiandaa miaka yote. Niliiosha, nikaing'arisha mpaka ungeweza kuchana nywele kwenye ubavu wake. Kisha nikachukua chupa ya mafuta ya shangazi na kitambaa anachopakia mafuta jikoni, nikachutama nyuma ya gurudumu, nikaanza kutia mafuta taratibu, tone baada ya tone, kwenye upenyo wa pale breki inapofanyia kazi.

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inalia. Kila nikiibana ilitoa mlio mkali, watu wa njiani wakaziba masikio. Nami nilijiambia, mkaguzi akisikia mlio huo atajua skuta ni kuukuu, ataninyima stika. Kwa hiyo kila mwaka, asubuhi ya ukaguzi, niliinyamazisha. Usicheke. Au cheka, lakini kwanza nionyeshe mikono yako niinuse.

Shangazi Poni alikuwa anapika kisra, ile mikate myembamba kama karatasi, kwenye bamba lake pana la chuma. Alikuwa na oda ya msibani. Akamwaga uji wa unga, akautandaza, akajaribu kuubandua, ukang'ang'ania bamba na kuchanika. Akapapasa kuliani kwake kutafuta mafuta, chupa haipo. Akanifuata nje na kipande cha kisra kimeungua mkononi.

"Ya biniya," akasema, na shangazi akikuita "ewe msichana" kwa sauti ile unajua hujaitwa kwa mapenzi, "kumbe mwizi wa mafuta yangu ni huyu? Mimi nilikuwa nawasingizia panya."

Nikamweleza kwamba nainyamazisha breki ili mkaguzi asiisikie. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekula sabuni.

"Mimi nalipaka bamba mafuta ili mkate uteleze," akasema. "Wewe unataka gurudumu lisimame, halafu unalipaka mafuta. Unakwenda kwa mkaguzi au unakwenda kupika?"

Nikabisha. Ujana na ubishi ni pacha. Nikamwambia yeye ni mtu wa jikoni, mambo ya breki hayajui. Alisema panda, bana breki kwa nguvu zako zote. Nikapanda, nikabana. Akaja nyuma yangu, akaweka kiganja kimoja kwenye kiti, mkono wa pili bado umeshika ile kisra iliyoungua, akasukuma. Mwanangu, nilikuwa nimebana mpaka vidole vinauma, na skuta ikaondoka laini, ikavuka ua mzima, ikaenda kusimama kwenye banda la kuku. Kuku wakatoka wakilalamika. Shangazi akala kile kipande cha kisra akaniambia mafuta nitayalipa, bamba lake linasubiri.

Nilikaa pale bandani, na miaka yote miwili ikanijia kichwani kwa mstari mmoja. Skuta haikuwa imerogwa. Mwaka mzima ilisimama kwa sababu mwaka mzima sikuigusa. Siku moja tu katika mwaka niliitia mafuta breki, na siku hiyo ndiyo niliyoipeleka ipimwe breki. Baada ya hapo mafuta yaliungua kidogo kidogo njiani, breki ikarudi, nami nikarudi kumlaani mkaguzi. Nikwambie, hata leo nikikumbuka natamani kumpiga kofi yule msichana, kisha nimpe chai.

Nikaisukuma mpaka kwa Okello, fundi Mganda aliyekuwa na kibanda karibu na kwetu. Akafungua gurudumu, akatoa zile pedi zinazobana kwa ndani, zimelowa na kuwa nyeusi. Akazinusa. "Madam," akasema, "hii iko skuta ama iko chapati?" Waliokuwa wanasubiri wakacheka mpaka mmoja akaomba na chai. Okello akaniambia pedi ya kulowa mafuta haifuliwi ikapona kabisa, inatupwa. Akanionyesha pia kwamba zilikuwa zimekwisha, zimebaki nyembamba kama ukucha, na vumbi limejaa ndani. "Yeye ilikuwa nalia kukuambia hiyo," akasema.

Hilo ndilo lililoniuma. Breki ilinililia mwaka wa kwanza ikiniomba nimwite fundi, nami nikaiziba mdomo. Ikalia mwaka wa pili, nikaiziba tena.

Okello alisafisha, akaweka pedi mpya, akafunga. Muda ulikuwa umekwenda. Nikaondoka mbio, mikono imejaa masizi, na ule mng'aro wangu wa asubuhi ukalambwa wote na vumbi jekundu la njiani. Nilipofika, foleni ilikuwa karibu kufungwa. Jamaa mmoja aliyekuwa ameipaka skuta yake rangi mpya alinitazama akauliza kama nimeichimba ardhini. Nilikuwa namwona Mzee Farah akinifungia sukari kwenye karatasi.

Zamu yangu ikafika. Nikaja mbio kidogo, nikabana.

Ikalia. Kumbe pedi mpya nazo hulia kabla hazijazoeana na chuma chake. Ililia kuliko siku zote, mlio mrefu uliomfanya jamaa wa rangi mpya ageuke, na mbwa mmoja ng'ambo ya barabara akaitikia. Nikafumba macho. Nikajua yamekwisha, mlio wote niliouficha miaka miwili umemfikia mzee wa miwani kwa pamoja.

Nilipofumbua macho, gurudumu lilikuwa limesimama. Mawe yalikuwa mbele yangu, hayajaguswa.

Mzee akaja, akazunguka, akatazama taa, akapiga honi. Akainama kwenye gurudumu la nyuma.

"Breki," akasema, na akabandika stika.

Nilipomsimulia Mzee Farah, aliniacha nimalize, akamwaga chai kwenye vikombe viwili. Kisha akasema Waswahili walikwisha kuyamaliza haya zamani: mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliogopa kucheka mbele yangu, nikamwona amekwenda nyuma ya magunia ya mchele, mabega yanatikisika.

Basi, mwanangu, watu huniuliza kama skuta iliyotumika inaweza kuaminika kupita ukaguzi kila mwaka. Inaweza. Yangu ilipita tangu siku ile mpaka nilipoiuza, na aliyeinunua aliniamkia vizuri kila tulipoonana. Chombo kilichotumika hakifeli kwa uzee. Kinafeli kwa sababu mwenye nacho hukisahau mwaka mzima, kisha anakikumbuka asubuhi moja kwa mapenzi ya fujo, anakiosha, anakipaka, anakiazimia vioo vya jirani, anakitia mafuta kusikotakiwa mafuta. Mkaguzi hakuoni wewe wala kabila lako wala mng'aro wako. Anapima kama kitasimama mtoto akikatiza mbele yako. Na akikutajia ugonjwa, hata kwa neno moja, neno hilo amekupa bure; usilitupe ukaenda kukusanya uvumi wa muuza mkaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na breki ni mahali pabaya pa kuumbukia.

Nami naona si skuta tu. Kuna watu wengi wametiwa mafuta wasilie, kumbe walikuwa wanaomba msaada. Lakini hilo tulizungumze siku nyingine, leo Wani ananisubiri na spana mkononi, na sitaki aguse kitu kabla sijafika.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe breki nzuri na masikio mazuri zaidi, na kila utakakokwenda akurudishe nyumbani mzima, uwakute watu wako wanakusubiri.

Sasa nenda. Bana breki yako polepole uisikilize, ikilia ipeleke kwa fundi leo hii, na hicho kitambaa cha mafuta kirudishe jikoni.