Mwaka Metaksia Alipovuna Peke Yake

Mume wa Metaksia alipigwa na kiharusi wiki iliyofuata Pasaka, mizeituni ikiwa inajiandaa kutoa maua. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakambakia ya kuhesabika: maji, baridi, hapana. Dikeos alikuwa mtu wa masimulizi, mtu wa kukaa kahawani akawachekesha watu mpaka kahawa zao zikapoa. Sasa aliketi dirishani na blanketi magotini, akiitazama bahari kama mtu anayesubiri kuitwa.

Metaksia alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Kisha akatoka kulima kuzunguka mashina ya mizeituni, akapogoa, akarudi kumgeuza tena. Kiangazi kikapita hivyo. Mvua za kwanza zilipolainisha vumbi, zeituni zikaanza kubadilika rangi, nusu kijani nusu zambarau, na kila nyumba kijijini ikatoa nyavu zake za kutandika chini ya miti, kuzianika.

Mafuta ya Metaksia yalikuwa na jina lake katika pande zile za Mani, kusini mwa Ugiriki. Yalitoka kinuni yakiwa ya kijani, yananukia majani yaliyokatwa sasa hivi, na ukiyaonja yanakukwaruza koo mpaka ukohoe. Thrasos, mwenye kinu cha kukamulia, alikuwa akijiwekea debe moja la mafuta hayo nyumbani kila mwaka. Wala hapakuwa na siri yoyote. Metaksia na Dikeos walichuma zeituni kabla hazijaiva sana, na walichochuma asubuhi kilikuwa kinuni jioni. Zeituni zikikaa kwenye gunia hupata joto, zikipata joto huanza kuchacha, na hapo hakuna mashine ya kuziokoa. Lakini kuchuma na kupeleka siku ileile ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Mmoja anapiga matawi kwa fimbo, mwingine anakusanya nyavu, anapepeta majani, anafunga magunia.

Mwanawe Panagos, ambaye anaendesha winchi bandarini Pireo, alimpigia simu akamwambia atafute vibarua. Metaksia akamuuliza atawatoa wapi. Vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kwenda Athene na Ujerumani, na Waalbania wanaokuja msimu ule walikuwa wameshachukuliwa na wenye mashamba makubwa ya bondeni. Panagos akaona haya, akaja mwenyewe Jumamosi moja. Aliipiga ile miti kana kwamba ina kesi naye, akavunja matawi ambayo yangezaa mwaka unaofuata, na Jumapili mchana akaondoka akiwa na malengelenge mikononi. Mama yake alimfungashia jibini na mkate, akamshukuru, na gari lilipokata kona akaketi juu ya ukuta wa mawe.

Alikuwapo mtu mmoja ambaye angeweza kumsaidia. Wifi yake Kaliroi, dada wa Dikeos, hakuwahi kuolewa na aliishi nyumba ya chini, karibu na kanisa dogo. Ila hao wawili walikuwa hawasemeshani zaidi ya salamu tangu mama mkwe alipofariki. Bibi yule alimwachia binti yake mizeituni ya kando ya kanisa, iliyokuwa bora kuliko yote, na Metaksia ndiye aliyekuwa ameilima na kuipogoa tangu alipoingia katika ukoo ule akiwa bibi harusi. Siku ya kugawana alirudi tu nyumbani akaanza kupitia njia ya juu kila alipokwenda kanisani, ijapokuwa ni ya mzunguko na ina mlima.

Basi akavuna peke yake. Alipiga mti mmoja, akashuka kumtazama Dikeos, akapanda tena kukusanya. Siku nyingine Dikeos alikuwa amejilowesha, na ikapita nusu ya mchana akifua mashuka. Siku nyingine mvua ilinyesha. Magunia yakawa yanangoja ghalani, haya ya juzi, yale ya juma lililopita, na kila alipofungua mlango wa ghala alijua harufu ile ni ya nini. Aliufunga akaenda kulala. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi, anaamka nao asubuhi umemkalia mabegani.

Siku aliyopeleka magunia kinuni, Thrasos alipokea mwenyewe. Mafuta yalipoanza kutoka, mazito na ya manjano, alichovya kidole akaonja. Akajifuta kinywa kwa mgongo wa mkono, akajifanya anakaza bomba fulani lililokuwa limekazwa tayari.

"Yamekuwaje?" akauliza Metaksia.

"Mwaka mbaya huu, mama," Thrasos akamjibu bila kumtazama. "Mvua nyingi. Watu wengi wamepata hivi."

"Nimekuuliza ya kwangu."

Thrasos akashusha pumzi. "Ya kwako ni ya sabuni."

Metaksia alipakia madebe kwenye gari la jirani akarudi. Jioni alimchemshia Dikeos mboga za porini, na kwa mazoea, au labda kwa sababu alitaka mtu mwingine amwambie, akazimiminia mafuta yale mapya, akachovya na kipande cha mkate akamtia mdomoni. Dikeos alitafuna taratibu. Kisha uso wake, ule upande uliobaki mzima, ukakunjamana.

"Yamekaa," akasema. Akatafuta neno lingine, akalipata. "Yamekaa kwenye gunia."

Tangu Pasaka hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Metaksia hakujua acheke au amtupie bakuli. Mwishowe alicheka, na kicheko kikaendelea hadi kikageuka kuwa kilio, na Dikeos akanyoosha mkono wake mzima akamshika ukosi wa sweta, pale alipofikia, akawa amemshikilia.

Wiki zilizofuata Metaksia alipika sabuni. Alichanganya mafuta na maji na magadi makali kwenye sufuria kubwa uani, akakoroga kwa mti mpaka mchanganyiko ukawa mzito, akaumimina, ukakauka, akaukata vipande. Ilikuwa sabuni nzuri. Hakupenda kuitazama.

Pengine angemaliza mwaka hivyo, akinunua mafuta ya watu kimyakimya, kama Panagos asingepiga simu tena. Mtoto wa Panagos angebatizwa kule kijijini baada ya Pasaka. Kwa desturi baba wa ubatizo ndiye anayeleta mafuta ya kumpaka mtoto, na huyu, mfanyakazi mwenzake wa bandarini, alikuwa amesema hataki ya chupa ya dukani. Alitaka mafuta ya shamba la babu wa mtoto. Panagos alisimulia jambo hilo kwa furaha, akimsifia rafiki yake. Mama yake akamwambia hakuna shida.

Alipoweka simu alivaa koti kwenda kituo cha basi, akanunue mjini na kuhamishia kwenye debe lake. Alifika nusu ya njia. Akasimama, akaona hana nguvu ya safari wala ya uongo ule, akageuka akashuka njia ya chini ambayo hakuwa ameikanyaga miaka mingi.

Kaliroi alikuwa anachambua maharage barazani. Alimwona, asiinuke.

"Wifi," alisema Metaksia, "nimekuja kuomba mafuta."

"Wewe? Kwangu?"

"Ya kwangu yameharibika. Mtoto wa Panagos anabatizwa."

"Hayo ya kuharibika nilisikia. Thrasos mdomo wake hauna mlango." Kaliroi akaendelea kuchambua. "Nilijua utakwenda kununua mjini kuliko kupita hapa."

"Nilikuwa nakwenda. Nimechoka kabla ya kufika kituoni."

Kaliroi akacheka puani, akaingia ndani. Metaksia alisikia debe likiburutwa, kisha kimya, kisha likiburutwa tena. Akamfuata. Wifi yake alikuwa ameinama juu ya debe, vidole vyake vimevimba kwenye viungo na kupinda kama mizizi, haviwezi kukamata kishikio.

"Tangu lini?" akauliza Metaksia.

"Mwaka wa tatu huu. Unadhani ile miti ya kanisani nimeivuna yote? Nusu ya zeituni zimeanguka zenyewe. Nilizikanyaga nikienda misani."

"Ungeniita."

"Ungekuja?"

Metaksia alifikiri kidogo. "Nisingekuja."

Wakasimama wote wawili wakilitazama debe. Halafu wakalishika, huyu mkono mmoja na huyu mmoja, wakalitoa barazani. Walipokuwa wakipumua, Kaliroi alimwambia kwamba mwaka ujao wavune pamoja, waanze kwa Metaksia, kisha waende kanisani. Na kaka yake aletwe shambani na kiti chake, asiachwe dirishani kama sufuria ya maua.

"Ila usianze kunifundisha kupogoa," akasema.

"Lakini hujui kupogoa, wifi."

"Unaona? Na hata hatujaanza."

Mtoto alibatizwa. Baba wa ubatizo alimpaka mafuta mwili mzima mpaka akawa anateleza kama samaki, na kasisi akawa na kazi ya kumshikilia asimponyoke. Watu walicheka. Panagos alimtafuta mama yake amwoneshe, akamkuta kwenye benchi la nyuma amelala, kichwa begani kwa Kaliroi, ambaye alimkonyeza amwache.

Msimu uliofuata walivuna kama walivyoahidiana. Waligombana asubuhi mpaka jioni: juu ya tawi lipi likatwe, juu ya nyavu, juu ya mama mkwe aliyekwisha kuoza kaburini. Dikeos aliketi kwenye kiti chake kando ya ukuta, akitenga majani na zeituni kwa mkono wa kushoto, na mara mojamoja akasema "hapana" bila kueleza anamwambia nani. Walichochuma kilifika kinuni siku ileile. Mafuta yalikuwa machache, lakini yalikuwa mafuta.

Matuta ya mizeituni ya juu kabisa mlimani hawakuyafikia. Kaliroi ndiye aliyesema yaachwe. Metaksia alibisha siku mbili, kwa kuwa hakuwahi kuacha mti wenye matunda tangu azaliwe, kisha akakubali. Zeituni za huko ziliiva zikawa nyeusi, zikaanguka, na ndege wakazimaliza. Mwanzoni aliinua macho kuzitazama kila alipotoka uani. Kufikia majira ya baridi akawa haangalii tena. Alikuwa akimaliza kazi za mchana, anaketi karibu na jiko na kuvua viatu, na hakukuwa na kitu kilichomwita ainuke.