Nilipanda Ghorofa na Magunzi, Aibu Akaibeba Shangazi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mkosaji na sianzi kwa kujitetea. Nimemvunjia heshima shangazi yangu mbele ya umati, kisha nikacheka. Ndiyo, nikacheka! Jina langu sitalitaja, maana mkilijua langu mtalijua na lake, naye kasema hataki tena kutajwa kwenye mkusanyiko wowote.

Ninauza viatu na mabegi ya mtumba hapa Tunduma, karibu na mpaka. Mwili ninao. Nikikaa kwenye benchi, wenzangu wawili wanasimama! Kidato cha nne nilimaliza ukubwani, shule ya usiku, nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu, na tangu hapo soko zima linaniita Profesa. Nikajiaminisha kwamba mtu aliyeishinda hesabu akiwa na usingizi, hakuna kitakachomshinda duniani.

Basi makanisa ya hapa mjini yakaandaa mbio za kupanda ngazi kwenye ghorofa moja refu ambalo bado linajengwa. Nia ilikuwa njema: kupata chakula cha akina mama wajawazito wanaotoka mbali, Ivuna huko na kwingineko, wanaokuja kusubiri kujifungua karibu na kituo cha afya. Kila mshiriki anabeba begani gunia lenye debe la mahindi, anapanda nalo hadi juu na kushuka nalo. Mahindi yanatolewa na ndugu yake, na jina linaloandikwa kwenye gunia ni la mtoaji, si la mpandaji.

Nilijiandikisha kabla wino wa tangazo haujakauka. Lengo langu lilikuwa moja tu: nifike juu bila kutua mzigo, niwafunge watu midomo.

Mtoaji wangu alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba, anayeishi Ruanda, kule Mbozi. Hapa nitamwita Mama Sekela. Aliyapepeta yale mahindi, akayachambua punje kwa punje, meupe kama meno ya mtoto.

"Haya nilikuwa nimeyaweka ya mbegu, mwanangu," akaniambia. "Mjamzito hapewi makapi."

Laiti ningelisikia neno lile!

Mazoezi nilifanya mara moja. Ghorofa ya pili tu, magoti yakaanza kuongea lugha ambazo hata shule ya usiku hawafundishi. Nikatua gunia, nikalala juu yake kama maiti. Rafiki yangu mmoja, mbeba mizigo wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, alikuwa ananitazama huku anatafuna muwa.

"We mulamu!" akaniita, maana kwao kila rafiki ni shemeji. "Siku yenyewe upande na machela kabisa!"

Soko lote lilipata habari kabla sijafika chini. Nikaogopa. Kufa sikuogopa, niliogopa kuchekwa.

Siku moja kabla ya mbio nikajifungia stoo. Nikamwaga mahindi ya shangazi kwenye pipa, nikajaza gunia magunzi makavu, na juu nikatandaza mahindi ya kumtosha mtu anayechungulia. Nilijua magunia yatapakiwa kwenye gari yakiwa yamefungwa. Mbio zikiisha, Jumatatu ningewahi kupeleka mahindi halisi kituoni kimyakimya, nibadilishe, mambo yaishe. Nilijiona mjanja kuliko sungura wote wa Songwe!

Siku ya mbio nilipanda kama nyani anayekimbizwa na mbwa. Niliwapita vijana wa jogging, nikampita mwalimu wa michezo mwenye filimbi yake shingoni. Kule juu upepo ulitaka kunivusha Zambia bila hati ya kusafiria! Nikashuka na gunia begani, sijalitua hata mara moja.

Shangazi alikuwa ananingoja chini. Vigelegele alivyopiga sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi yangu. Akanipangusa jasho kwa kitenge chake, anawaambia watu, "Mtazameni! Hii ni damu ya kaka yangu!"

Kumbe mama msimamizi wa mbio alikuwa na utaratibu wake. Likatandikwa turubai, na kila gunia likawa linamwagwa palepale, jina la mtoaji likitajwa ili apigiwe makofi. Nikatamani kupanda tena nikajifiche juu, na ngazi zilikuwa zimekwisha!

"Mama Sekela wa Ruanda!"

Makofi yakapigwa. Shangazi akasogea mbele, anatabasamu. Mahindi kidogo yakateleza, halafu magunzi yakaporomoka, kelele yake kama mvua ya mawe kwenye bati.

Watu wakasogea kutazama. Kisha kijana mwenye kipaza sauti akasema, "Mama, hizi kuni za kupikia tumezipokea. Mahindi yenyewe yako njiani?"

Kicheko! "Kumbe Mbozi siku hizi wanavuna magunzi!" mwingine akadakia.

Shangazi hakulitazama gunia. Alinitazama mimi. Muda wa kusema "jamani, ni mimi" ulikuwepo, tena wa kutosha. Lakini kila mtu alikuwa anacheka, nami nikaona asiyecheka ndiye atakayeshukiwa. Nikacheka.

Akawageukia watu. "Mnisamehe. Nilichanganya magunia." Akachukua mkoba wake, akaondoka peke yake.

Sasa mjue huyu mama ni nani. Kule Ruanda, misibani, yeye ndiye mpimaji wa unga. Kila nyumba inaleta unga wake, naye ndiye anashika kisado, anapima wa kupikia waombolezaji na wa kuwaachia wafiwa. Kazi ile hapewi mtu mwenye doa.

Haukupita muda ukatokea msiba, mke wangu akaenda. Aliporudi akanisimulia mezani, hajui lolote. "Shangazi yenu aliinama kuchukua kisado, mama mmoja akamtangulia. Kwa upole kabisa: 'Leo pumzika, mama. Atapima mwingine.' Na yeye naye, magunzi kwa wajawazito!"

Nikarudisha tonge sahanini. Nikamwambia mke wangu ukweli wote. Hakupiga kelele. Aliondoa sahani yangu tu.

Kesho yake nikapakia yale mahindi kwenye bodaboda mpaka Ruanda. Nilimkuta anaanika kahawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mahindi yako."

"Si yangu. Nilishayatoa. Wapelekee wenyewe."

Nikapiga magoti pale uani, na mwili huu wote! "Nisamehe, shangazi."

"Nilikusamehe palepale," akasema, mkono unaendelea kugeuza kahawa. "Ila ulinivua nguo sokoni, mwanangu. Usije ukanifunika chumbani."

Mahindi niliwafikishia wajawazito siku hiyohiyo. Kusema ndiko kulikonishinda. Jumapili nilisimama kanisani Ruanda wakati wa matangazo, nikasema, "Nawasalimu katika jina la Bwana." Wakaitikia. Nikakaa! Profesa mzima!

Jumapili iliyofuata nilisema. Nilisema yote, stoo, pipa, magunzi. Bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Sasa siku ile wewe ulikuwa unacheka nini?"

Nikarudi kukaa. Swali lake ninalo mpaka leo.

Msiba uliofuata akina mama wakamletea shangazi kisado, wamekishika kwa mikono miwili. Akamwelekezea mkono yule mama aliyekuwa akipima siku hizo, akasema, "Mwacheni huyu aendelee, anapima vizuri." Akaenda kukaa na wanaochambua mboga. Nilikuwepo, niliona.

Ndugu zangu, mimi nawasihi. Ukishindwa, shindwa mbele za watu, wacheke, waende makwao wakalale. Ghorofa ya pili hakuna aliyewahi kufa kwa kuchekwa. Na ukiona mtu anaangukiwa na lawama yako, sema hapohapo, kabla kicheko hakijaisha. Mimi nilichelewa kwa majuma machache tu, na shangazi yangu hajashika kisado tena.