Wino wa Mwalimu Chilumba

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kuisahau ndiyo kwanza inanijia. Ilikuwa Newala, majira ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya sokoni. Mimi nilikuwa bado msichana, nikifanya kazi na mjomba wangu, Mzee Nantanga. Mjomba alikuwa fundi wa saa na kalamu za wino, meza yake ikiwa barazani pa duka la vitenge. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Yeye alishika kwa vidole, akasikiliza, kisha akaniambia la kufanya.

Asubuhi hiyo nikamwona kijana mmoja anakokota baiskeli kwenye ukungu, na juu ya kariya ameketi mzee, amefungwa kiunoni kwa kanga asije akaanguka. Kijana alikuwa Hamisi, mkulima wa korosho kutoka Mnyambe. Mzee alikuwa baba yake, Mwalimu Chilumba. Huyo ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Enzi zake, akiita mahudhurio darasani, waliokuwa wanapalilia mikorosho ng'ambo ya barabara waliitika kwa utani.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

Hakuna kilichorudi. Aliniangalia, midomo ikacheza upande mmoja, ikatulia. Nilibaki pale chini kama mtu aliyesahau namna ya kusimama.

"Hasemi, dada Somoe," Hamisi akaniambia. "Kiharusi. Ulimi umekuwa mzito kama jiwe."

Tulimshusha, tukamketisha kitini, na Hamisi akatueleza. Akili ya baba yake ilikuwa nzima. Kilichokufa ni ulimi, na nguvu za mikono. Chaki ilimponyoka. Penseli ilikwaruza bila kuacha alama. Hizi peni za plastiki zilizokuwa zimejaa madukani zilitaka kukandamizwa, naye hakuwa na cha kukandamizia. Lakini kalamu yake ya zamani ya wino haikutaka nguvu, mwanangu. Ukiigusisha tu karatasi, wino unatiririka wenyewe. Kwa kalamu hiyo Mwalimu alikuwa akiomba maji, akikataa chumvi, akiuliza kama mbuzi wamerudi. Ndiyo iliyokuwa mdomo wake.

Kisha ikakauka, ikagoma. Hamisi kwa uchungu akaikamata kwa plaizi ili aifungue aisafishe. Alipoiweka mezani nilishindwa kuficha mshtuko. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ilikuwa imepinda kama ukucha wa kuku, na meno ya plaizi yamechora shingo ya kalamu pande zote.

"Nilitaka kusaidia," Hamisi akasema, na sikumwona mtu mwenye kosa pale. Niliona mtoto anayempenda baba yake.

Mwalimu alikuwa ananitazama mimi. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande uliokuwa mzima. Mimi nami nikataka nimpe mdomo wake papo hapo. Birika la chai lilikuwa juu ya jiko pale barazani. Nikaliinua niimwagie ile kalamu maji ya moto, ilegee upesi.

Mjomba akasikia kifuniko kikigonga.

"Somoe! Weka chini hilo birika."

"Mjomba, Mwalimu anasubiri."

"Na akisubiri kalamu ikayeyuka, atakuwa amesubiri nini? Hii imekaa na ukaidi wake miaka na miaka, wewe unataka iutoe kabla chai haijapoa? Huruma yako ina mikono mizito, mpwa wangu. Huruma ya namna hiyo na plaizi ya Hamisi ni ndugu, baba mmoja mama mmoja."

Yale maneno yaliniingia mbele ya watu, na yakabaki. Nimekemewa na wengi maishani, mwanangu, lakini kemeo la Mjomba ndilo ninalotembea nalo mpaka leo.

Basi tukafanya kama alivyotaka. Tuliilaza kalamu kwenye bakuli la maji baridi yenye tone la sabuni, tukayabadilisha kila yalipogeuka buluu, mpaka kesho yake. Hamisi na baba yake walilala kwa jamaa zao pale mjini. Asubuhi niliizungushia shingo ya kalamu kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiteleze, nikaipasha kwa viganja vyangu tu, nikaizungusha kidogo ifunguke, nikaacha. Nikazungusha tena, nikaacha. Mjomba alikuwa ameweka kidole chake juu ya changu. "Ikikataa, usishindane nayo," alisema. "Irudishe majini, ukanywe uji." Mara tatu iliturudisha kwenye uji, na Hamisi alikuwa akizunguka baraza kama kuku anayetaka kutaga.

Mwisho ikalegea bila sauti. Ndani, kile kimfuko cha mpira kinachobeba wino kilikuwa kimekauka kama gamba la samaki. Tukakiondoa vipande vipande kwa kijiti, maana chuma kingekwaruza, tukavisha mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli. Ile nibu niliinyoosha juu ya kipande cha mpingo kilicholainishwa, kwa kusugua na ukucha, taratibu, kama unavyomnyoosha mtoto mchanga baada ya kumwogesha. Makovu ya plaizi hayakutoka. Mjomba akayapapasa, akasema, "Yaache. Ukiyasugua utaimaliza kalamu kwa kutaka iwe nzuri."

Tulikuwa na chupa moja ya wino, nusu. Nikaijaza kalamu, nikamwekea Mwalimu mkononi, Hamisi akaishikilia karatasi. Mkono ule ulitembea kama mdudu mgonjwa. Aliandika neno moja, akanisogezea.

*Marahaba.*

Mwanangu, nililia pale barazani wapita njia wakadhani tumefiwa. Mjomba akauliza, "Kaandika nini? Kaandika nini?" Nilipomwambia, akaondoa kofia.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa bibi wa kukupa maneno matamu. Lakini haikuishia hapo.

Tuliwapa ile chupa, wakarudi nayo Mnyambe. Bandu bandu huisha gogo, na ule wino haukuwa gogo, ulikuwa kijiti. Baada ya miezi Hamisi akaja, chupa tupu mkononi. Hatukuwa na nyingine. Akazunguka Newala yote, mimi nikapanda lori la korosho kushuka Masasi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mipaka imefunguliwa, na maduka ambayo zamani yalikuwa na sabuni ya kupangia foleni sasa yalikuwa yamefurika. Niliona redio za kila umbo. Niliona viatu vya plastiki, mashati ya mitumba yamepangwa kama mlima, biskuti za nchi nisizozijua. Peni za plastiki zilifungwa mafungu kama mchicha. Nikauliza wino wa chupa.

"Wino wa chupa?" mwenye duka mmoja akacheka, si kwa ubaya. "Dada, nani anatumia siku hizi? Chukua hizi peni, zinaandika mpaka zichoke."

"Mwenye kuhitaji hawezi kukandamiza."

"Basi mwambie akandamize kidogo kidogo."

Nilitoka duka hilo nikaingia jingine, na jingine. Duka la mwisho walikuwa na chupa moja dirishani, juani, wino umeganda humo kama lami. Nikarudi juu Newala mikono mitupu, nimeketi juu ya magunia, na nilihisi kwamba dunia nzima imeletwa Masasi isipokuwa kile kitu kimoja. Wafanyabiashara hawakuwa wabaya, mwanangu. Soko huleta kinachonunuliwa na wengi, na Mwalimu alikuwa mmoja.

Niliporudi, nilimkuta Hamisi barazani na ile kalamu, amekwisha kufanya jambo kule Mnyambe. Alikuwa ameomba wino wa madrasa, ule wa kuandikia kwenye mbao, wa masizi na gundi ya mti, akaujaza kwenye kalamu. Siku ya kwanza iliandika mistari miwili. Siku ya pili ikaziba kooni kabisa. Sikumlaumu. Ningelikuwa na baba aliyefungwa ndani ya mwili wake, ningejaza hata damu yangu.

Mjomba hakumkemea. Alishika ile kalamu, akainusa, akasema polepole, "Masizi hayayeyuki, yanabebwa tu. Hii itataka siku nyingi."

Na ilitaka. Nilibadilisha maji yakitoka meusi, nikabadilisha yakitoka meusi. Nilisafisha mfereji wa wino kwa unywele wangu mwenyewe. Usidhani sikulikumbuka lile birika. Nililikumbuka kila asubuhi. Lakini nilijua nikiharakisha nitaivunja, na nisipoharakisha, Mwalimu yuko Mnyambe ananyamaza. Hakuna njia iliyokuwa njema. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia, nami nimeona mbivu ikiozea mtini.

Siku maji yalipotoka meupe, nikaifuta kalamu, nikaiweka juani kwenye kitambaa. Mjomba akaipapasa, akasema ni nzima. Wakati huo huo akaja mtu kutoka Mnyambe kwa baiskeli, akasimama mbele ya baraza, akavua kofia kabla hajasema kitu.

Tulikwenda kuzika. Baada ya dua Hamisi alinivuta kando, akaniambia kwamba wiki zile za mwisho baba yake alikuwa akiandika kwa kidole juu ya shuka. Anaandika, anamtazama mwanawe usoni, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Hamisi alifuatisha kile kidole mpaka macho yakamuuma. Hakuambulia hata neno.

"Labda alikuwa ananiaga, dada," alisema. "Labda alikuwa anataka maji."

Nikampa ile kalamu, akairudisha mkononi mwangu. "Kaa nayo. Mimi siwezi kuitazama."

Njiani nilimwuliza Mjomba: ile subira yetu yote ilikuwa na faida gani? Alitembea kwa muda akiwa ameshika bega langu. "Sijui, Somoe," akasema. "Najua tu kwamba hatukuongeza kuvunjika."

Basi sikiliza, mwanangu, maana ufundi huu hauna tena wa kuurithi, na sikupi faraja nisiyokuwa nayo. Kitu cha zamani kikikataa mkononi mwako, kirudishe majini, ungoje. Usikipeleke motoni, usikishike kwa chuma, wala usikitie kisichokuwa chake kwa sababu chake kimekosekana. Na mtu mzima aliyedhoofika ni hivyo hivyo. Usimvute maneno kwa nguvu, usimmalizie sentensi, mpashe kwa kiganja chako tu. Huenda hata hivyo ukashindwa. Mimi nilifuata yote, nikashindwa. Lakini usiwe wewe uliyevunja.

Jambo jingine, na hili Mjomba hakunifundisha, lilinifundisha kaburi la Mwalimu: wazee wako wakiwa bado wana sauti, waulize. Usingoje ulimi uwe mzito ndipo ukatafute wino. Nenda leo, kaa nao, waache waseme hata yale uliyokwisha kuyasikia.

Mungu akulainishie mikono yako, mwanangu. Akupe wa kukusikiliza siku maneno yako yatakapokuwa machache, na salamu yako isikose mwitikio duniani wala ahera. Amina.