Ng'ombe Waliokosa Mwenyewe

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo lenyewe sikulimaliza. Wasomi nikikosea mnivumilie, kama ninavyowavumilia ninyi na maswali yenu.

Mdadisi wa utafiti alifika kwangu Kasulu na kishikwambi, dada mpole, viatu vimejaa udongo mwekundu. Akauliza tunakula mara ngapi, na choo kimeezekwa na nini. Mke wangu swali la choo hajalisamehe mpaka leo. Halafu: "Mzee, kaya yako inamiliki ng'ombe wangapi?"

Ng'ombe wako zizini wanacheua, anawaona. Nikasema, "Hakuna. Hawa ni wa shemeji yangu wa Mabamba."

Ni kweli tupu! Huku Buha, kwetu Waha, tunawekeana ng'ombe. Wake nawafuga mimi, wangu anawafuga yeye kule kwake Mabamba, wilaya ya Kibondo. Maziwa na samadi ni vya anayefuga. Ugonjwa ukiingia huku, wa kule wanapona. Tena mkwe mwenye tamaa haombi asichokiona. Wale wa kule dada hakuniuliza, nami sikumsaidia. Shemeji naye alipoulizwa akajibu vilevile. Na majirani zangu pia, watu wazima kabisa, wengine wazee wa kanisa.

Nikasahau, mpaka mjukuu wangu wa kike wa chuo kikuu alipokuja likizo na kompyuta, amenuna. Anaandika utafiti wake wa mwisho, kuhusu samadi na mahindi. Shambani hajakanyaga. Alijisajili kwenye tovuti ya takwimu, akaeleza anazitakia nini, akapakua bure majibu ya kaya za nchi nzima. Siku hizi wanatafiti wamekaa.

"Nitafute na mimi humo, mke wangu," nikamtania.

"Majina yameondolewa, mume wangu. Hata kijiji ni namba tu, umeachwa mkoa peke yake, ili usijulikane."

"Sasa umenunia nini?"

"Watu wa huku. Hawana ng'ombe hata mmoja, lakini mashamba yao yamejaa samadi! Mwalimu wangu anasema nieleze inatoka wapi, au nizifute kaya hizo. Nikizifuta, sura nzima ya Kigoma imekufa. Mwisho ni Ijumaa."

Nikakohoa. Nikamweleza habari za shemeji. Akanitazama kama aliyenifumania.

"Babu! Yaani ni wewe?"

"Mimi na kata nzima. Badilisha basi, uandike wapo."

"Siwezi kubadilisha jibu la mtu. Naweza kueleza tu, na neno lako peke yako halitoshi."

Tukampigia shemeji, simu ikiwa sauti ya juu.

"Ng'ombe?" akasema. "Ng'ombe gani? Mimi sina ng'ombe."

"Shemeji, si serikali. Ni mwanetu, atafeli kwa sababu yetu."

Nikasikia ng'ombe analia nyuma yake, na huyo namjua, ni wangu.

"Haya, wapo," akasema. "Ni wako. Na wangu wako kwako. Ila idadi asiniulize."

"Idadi siihitaji, babu," mjukuu akasema, vidole vimeshaanza kazi. Kaya zote akaziacha mahali pake, akaandika kwamba kwetu anayefuga siye anayemiliki, na kwamba swali lile liliuliza nusu tu. Alhamisi akaituma kazi yake. Mwalimu akajibu kwamba sura ya Kigoma ibaki.

Akarudi chuoni bila kuniaga vizuri, bado amenuna kwa lile jibu langu.